Kuagana saa nane za usiku: kisa cha kanisa la Wakongo katika mji wa pamba, kaskazini mwa Uingereza

Kisa hiki kinahusu barua moja ya malalamiko, na kamati iliyopeleka radhi kwenye mlango usiohusika. Nilikuwa mkalimani wa kamati hiyo, baadaye nikawa mwandishi wake, kwa hiyo katika makosa nitakayoyaeleza na mimi nimo. Majina ya mji, kanisa, msikiti na watu nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Itoshe kusema kwamba mji ni mmoja wa ile miji ya pamba inayouzunguka mji wa Manchester, na kwamba wahusika wakuu ni Wakongo wanaoabudu kwa Kiswahili.

Nimekiandika kwa ajili ya watu wa aina yangu: wale ambao, kwa kuwa wanajua Kiingereza cha maofisini, huombwa na wenzao "tuandikie ile karatasi ya wasifu wa eneo". Karatasi hiyo ndiyo iliyotupoteza.

## Mji wenyewe

Mji ulijengwa na pamba. Katika karne ya 19 viwanda vikubwa vya pamba, vilivyojengwa kwa matofali, viliota bondeni, na kuvizunguka zikajengwa nyumba za wafanyakazi kwa msururu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mlango ukifunguka moja kwa moja barabarani. Msomaji aliyezoea nyumba yenye uwanja aishike picha hii vizuri, maana bila hiyo kisa hakieleweki: katika mtaa wa namna hiyo, jirani anakusikia unapotua sufuria.

Makanisa yalikuwa mengi kupita mahitaji. Wamethodisti peke yao walikuwa wamegawanyika katika makundi kadhaa, kila kundi na jengo lake, na makundi makuu yalipoungana mwaka 1932 majengo yalikuwa yameshasimama, mengine yakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara moja. Juu ya milango yamechongwa majina ambayo Mkristo wa Uvira au wa Kigoma huyasoma bila mkalimani: Ebenezer, Bethel, Salem, Zion. Ukatoliki ulipata nguvu kwa Waairishi waliokimbia njaa ya miaka ya 1840. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja Wapolandi na Waukraini, nao wakajijengea parokia na vilabu vyao.

Kisha, miaka ya 1950 na 1960, viwanda vilikuwa vikikosa watu wa kufanya zamu ya usiku. Wakaajiriwa wanaume kutoka Pakistani, wengi wao wa Mirpur, ambako bwawa la Mangla lilizamisha vijiji; wengine wakatoka Sylhet, ambayo leo iko Bangladesh, na wengine Gujarat ya India. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na watu wengi hawaioni. Wahindi walioondoka Kenya kuelekea mwaka 1968, na wale ambao Idi Amin aliwapa siku 90 za kuhama Uganda mwaka 1972, hawakukaa Leicester na London tu. Takriban watu 28,000 walifika Uingereza kutoka Uganda, na katika miji kama Bolton, Preston na Blackburn ziko familia za Kigujarati, Wahindu kwa Waislamu, ambazo bibi yao bado anasema "sufuria" na "kisu" katikati ya Kigujarati chake.

Pamba ikafa, watu wakabaki. Mwaka 2001 kulitokea machafuko Oldham mwezi Mei, Burnley mwezi Juni na Bradford mwezi Julai, na ripoti ya serikali iliyoongozwa na Ted Cantle ikasema kwamba jamii za miji hii zinaishi maisha sambamba, yaani zinakwenda pamoja kama reli bila kukutana. Maneno hayo yameganda. Kila ofisa wa halmashauri anayajua, na yalikuwa kichwani mwetu sote siku barua ilipofika.

Wakongo walikuja kwa njia mbili. Baada ya sheria ya mwaka 1999, waomba hifadhi walianza kusambazwa nje ya London, na kwa kuwa nyumba za kaskazini ni za bei nafuu, wengi waliletwa huku. Wengine waliletwa na mpango wa Gateway ulioanza mwaka 2004, ambao ulichukua wakimbizi moja kwa moja kutoka makambi ya Afrika na kwingineko; Sheffield, Bolton na Hull ni miongoni mwa miji iliyowapokea. Mtu alitoka kambini Zambia au Uganda, akashushwa kwenye nyumba ya msururu mwezi wa Novemba.

## Kusanyiko

Walianza kwa kusali sebuleni kwa mmoja wao. Sebule ilipojaa wakapata chumba katika kituo cha jamii, na chumba kilipopanda bei mtu mmoja akawaelekeza kwenye kanisa la Kimethodisti lililobaki na waumini wachache, wengi wao akina mama wazee. Makubaliano yalifanywa kwa mdomo, juu ya chai: Wamethodisti wana ibada Jumapili asubuhi, Wakongo watatumia jengo kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja, watachangia gesi na umeme. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakukuwa na neno.

Likaja suala la mkesha. Kwa Wakongo hawa mkesha si pambo. Wengi hufanya kazi katika maghala na katika nyumba za kulea wazee, zamu zao zinabadilika kila wiki, na Jumapili huenda nusu ya kwaya iko kazini. Mama mmoja aliniambia: "Muchana tuko ku kazi. Usiku njo wakati yetu." Wakamwomba mmoja wa wasimamizi wa kanisa ufunguo kwa Ijumaa moja ya kila mwezi. Akawapa. Hakuwaambia wadhamini wenzake, na Wakongo nao hawakuuliza kama aliwaambia.

Mkesha ulianza saa nne usiku na kwisha saa nane. Si hadi asubuhi, kwa sababu waliokuwa na zamu ya Jumamosi walitaka kulala kidogo. Muda huo wa kumaliza utarudi.

## Wasifu tuliouandika

Katika kipindi hichohicho halmashauri ilitangaza ruzuku ndogo kwa vikundi vya jamii. Sharti moja lilikuwa kueleza hali ya kidini na kijamii ya eneo. Kazi ikaangukia kwangu, nami nikafanya anavyofanya kila mtu: nikafungua takwimu za sensa.

Takwimu zenyewe si siri. Sensa ya England na Wales iliuliza dini kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na asilimia 71.7 walijiandika Wakristo. Mwaka 2021 walikuwa wameshuka hadi 46.2, wasio na dini wamefika 37.2, Waislamu 6.5. Lakini wastani wa nchi hausaidii huku kwetu. Katika Blackburn with Darwen Waislamu ni asilimia 35.0, na ndani ya mji mmoja kata moja inaweza kuwa karibu yote ya Waislamu na kata ya jirani karibu haina hata mmoja. Katika kata ya kanisa letu Waislamu walikuwa wengi kuliko Wakristo, na waliosema hawana dini walikuwa kundi kubwa la tatu.

Nikaandika sentensi ambayo baadaye nilitamani kuimeza: "Tunaabudu katika eneo lenye Waislamu wengi." Ilikuwa kweli kabisa. Kamati ikaisoma, ikaipenda, ikaikariri.

## Barua ya kwanza

Baada ya mkesha wa nne au wa tano ikaja barua kutoka ofisi ya afya ya mazingira ya halmashauri. Ilisema yamepokelewa malalamiko juu ya kelele za usiku kutoka kwenye jengo, na kwamba ofisi itafuatilia. Haikumtaja aliyelalamika, kwa kuwa ofisi hizo hufanya siri ya mlalamikaji. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1990, halmashauri ikiridhika kwamba kelele zimefikia kiwango cha kero lazima itoe amri ya kuzikomesha, na kukaidi amri hiyo ni kosa la jinai.

Kamati ilikutana Jumapili hiyohiyo, chumba cha nyuma, makoti mwilini kwa sababu gesi ilikuwa imezimwa. Swali la kwanza lililoulizwa halikuwa "tumefanya nini?" Lilikuwa "nani?" Jibu likapatikana ndani ya dakika tano, nadhani hata tatu. Msikiti uko mtaa wa pili. Eneo ni la Waislamu wengi, si imeandikwa? Mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole kwa kila hali, alitoka upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, ambako tangu mwaka 2014 ADF, kundi la waasi linalojinasibisha na Uislamu, limeua raia kijiji kwa kijiji, na yeye amezika ndugu. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetambua hali ya hewa: "Bale hawatatuacha."

Hakuna aliyempinga. Mimi nilijua kwamba msikiti wa mtaa wa pili na ADF havina hata herufi moja ya pamoja, na sikusema, kwa kuwa niliogopa kumvunjia heshima mtu aliyefiwa. Hilo ni kosa langu la pili. La kwanza nimeshalitaja.

## Maamuzi matatu

Kamati ilitoka na maamuzi matatu, na ningependa kuyatendea haki, kwa sababu kila moja lilikuwa na sababu iliyoeleweka wakati ule.

Waliamua kuuandikia msikiti. Nia ilikuwa njema, kumaliza jambo kwa mazungumzo kabla halijafika mbali. Niliiandika barua mimi. Nikiisoma leo naona kwamba ilikuwa na adabu ya juu na lawama ya chini kwa chini. Tuliomba radhi "kwa usumbufu mlioulalamikia", tukiwa tumeshawahukumu ndani ya maneno hayohayo.

La pili, ngoma zisipigwe tena kwenye mkesha. Vijana wa muziki walinung'unika, lakini ngoma ndiyo kelele, kila mtu anajua. Kinanda kikabaki, kipaza sauti kikabaki kwa sauti ya chini.

La tatu lilikuwa kutowaambia Wamethodisti. Hofu yake si ya kubeza. Mtu aliyehamishwa kambi tatu, kisha hoteli, kisha nyumba mbili, hujifunza kwamba ukimpelekea mwenye nyumba shida, suluhisho lake la haraka ni kukuondoa wewe.

Kwa siku chache kila mmoja alijisikia amefanya kazi.

## Simu

Siku ya tatu simu ya mchungaji ikalia. Mzungumzaji alijitambulisha kwa Kiingereza kama mmoja wa wazee wa msikiti, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Kwenye barua mmeandika mnasali kwa Kiswahili. Kiswahili cha wapi?" Mchungaji akaendelea kujibu kwa Kiingereza. Yule mzee akamkatiza: "Zungumza Kiswahili, bwana mchungaji. Hicho Kiingereza mimi na wewe wote tumeazima."

Alikuwa Mgujarati aliyezaliwa katika mji mmoja wa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, akaondoka na wazazi wake akiwa kijana. Kiswahili chake, mchungaji alisema, kilikuwa kama nguo iliyokunjwa sandukuni miaka hamsini: mikunjo inaonekana lakini kitambaa ni kizima. Waliongea zaidi ya saa moja. Walizungumza juu ya samaki.

Katika mazungumzo hayo mzee alisema mambo mawili. Kwanza, msikiti haukulalamika. Hata hawakujua kwamba kuna mkesha. Pili, wao wenyewe walikwisha kupata barua kama ile. Miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni na Julai, kiangazi cha huku kaskazini isha huingia karibu saa tano usiku, na tarawehe ikaisha watu wamevuka saa sita. Barua ya halmashauri haikuhusu swala. Ilihusu milango ya magari.

Mchungaji alitusimulia jambo la kwanza kwa furaha kubwa. La pili alilisahau. Nilikuja kulijua wiki kadhaa baadaye, kutoka kwa mzee mwenyewe, na nilipomuuliza mchungaji akakumbuka mara moja: "Ndiyo, alisema hivyo." Alikuwa amefurahishwa na Kiswahili hata ushauri ukampita masikioni.

## Barua ya pili, na habari ya ufunguo

Mkesha uliofuata ukafanyika bila ngoma. Malalamiko yakaja tena. Safari hii halmashauri ilituma nakala kwa wenye jengo.

Kikao na Wamethodisti kilikuwa kigumu, lakini si kwa namna tuliyoitarajia. Tulikwenda tumejiandaa kujitetea juu ya kelele, sala za kelele, utamaduni, uhuru wa kuabudu. Mwenyekiti wa wadhamini, mama mmoja wa zaidi ya miaka themanini, alisikiliza nikikalimani yote hayo, kisha akauliza jambo moja: ufunguo mmeupata kwa nani? Alipojibiwa akageuka kumtazama msimamizi mwenzake, na kwa muda hapakuwa na haja ya mkalimani.

Alikuwa amebatizwa katika jengo lile. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliochangia ujenzi wa chumba cha shule ya Jumapili, kwa mishahara ya kiwandani. Kilichomuuma ni kwamba watu wanaingia na kutoka usiku nyumbani kwake na yeye hana habari. Angeombwa, alisema, angekubali, na pengine angekuja kutazama. Mama Pasta, ambaye kwa kawaida hakai mbele, akainuka akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akaomba msamaha kwa Kiswahili. Nilifungua kinywa kukalimani, yule mama akanipungia mkono nisijisumbue.

Wadhamini hawakutufukuza. Walisimamisha mkesha kwa miezi miwili na kutaka makubaliano ya maandishi.

## Kupiga hodi

Wazo la kwenda nyumba kwa nyumba lilitoka kwa Mama Pasta. Kamati ilisita. Kila nyumba iliyokaribia kanisa ilikuwa imeshafikiwa zamani, lakini kwa vikaratasi vya injili, kwa maana wasio na dini, katika hesabu ya kanisa, walikuwa shamba la mavuno. Hakuna aliyewahi kuwaona kama watu wanaolala.

Tulikwenda watatu: Mama Pasta, kijana wa miaka kumi na saba aliyekulia hapo na anayeongea kwa lafudhi ya mji uleule, na mimi. Nyumba ya tano mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyevaa sare ya hospitali. Alipoona Biblia mkononi mwa Mama Pasta akaanza kuurudisha mlango. Kijana akawahi: hatujaja kuhubiri, tumekuja kwa ajili ya kelele. Mlango ukasimama.

Ndiye aliyelalamika. Hakuona haya kusema. Hana dini, aliongeza, na hana neno na dini ya mtu. Anaanza kazi saa moja asubuhi. Ngoma? Ngoma alizisikia, hazikumsumbua. Kuta za kanisa ni nene na anapenda kusikia watu wakiimba. Kinachomtoa usingizini ni saa nane. Mlango wa kanisa unafunguka, watu wanatoka, na kwa nusu saa nzima chini ya dirisha lake wanaagana.

Kijana alicheka kabla ya kujizuia. Mama Pasta alipotafsiriwa akajifunika uso kwa kitenge.

Yeyote aliyewahi kutoka kwenye shughuli yoyote ya Waswahili anajua. Sisi hatuagani mara moja. Tunaaga ndani, tunaaga mlangoni, tunasindikizana hadi kwenye gari, hapo ndipo habari yenyewe inapoanza, gari linawashwa, linazimwa, msalimie mama, mwambie nitampigia, mtoto anaitwa arudi aage vizuri. Milango ya magari inafungwa mara mbili mbili. Katika uwanja wa Bukavu huo ni upole. Chini ya dirisha la nyumba ya msururu, kwa mtu anayeamka saa kumi na moja, ni kipigo.

## Matokeo

Suluhisho halikuwa lile ambalo ofisi yoyote ingependekeza: mkesha ulirefushwa. Badala ya kwisha saa nane usiku, sasa unaanza saa nne na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, mara moja kila baada ya miezi miwili, kwa ratiba inayopelekwa nyumba zote za jirani mapema. Asiyeweza kukesha hadi asubuhi haji. Kipaza sauti huzimwa saa tano. Kuagana hufanyika ndani, kwa chai, na watu hutoka kwa mlango wa upande wa uani, wawili wawili. Mtu mmoja amevaa kizibao cha kung'aa husimama nje kuwahimiza wasisimame. Wazo la kizibao tulilichukua msikitini, na vizibao vyenyewe viwili vya kwanza walituazima wao. Halmashauri ilifunga faili bila kutoa amri.

Makubaliano ya maandishi na Wamethodisti yana ukurasa mmoja na nusu. Sehemu ndefu kuliko zote ni ya ufunguo: nani anautunza, nani anasaini, unarudi lini.

Si kila kitu kilikaa sawa. Familia kadhaa, zikiwamo za vijana wa muziki, ziliona kanisa limejidhalilisha kwa kuweka masharti kwenye maombi. Zilihamia kanisa lingine Manchester. Mzee wa Beni alibaki, lakini hakuwahi kwenda kumsalimu mzee wa msikitini, na hakuna aliyemlazimisha. Mwaka uliofuata sakiti, yaani kundi la makanisa ya Kimethodisti ya eneo hilo, iliamua kulifunga jengo kwa kuwa waumini hawakuweza tena kulimudu. Wakongo walianza kutafuta ukumbi. Walipokwenda kuangalia wa kwanza, kilabu cha zamani cha wafanyakazi, wanaume waliingia ndani kupima jukwaa. Mama Pasta alivuka barabara, akagonga nyumba ya ng'ambo kuuliza wanaamka saa ngapi.

## Uchambuzi

Kosa halikuwa kwamba takwimu zilidanganya. Sensa inauliza "dini yako ni ipi?", swali la hiari ambalo mwaka 2021 asilimia 94.0 walilijibu, na mara nyingi mtu mmoja huijazia nyumba nzima fomu. Inachopima ni jina ambalo watu wanakubali kuitwa. Serikali iliwahi kupima kitu kingine: tarehe 30 Machi 1851 ilihesabu watu waliokaa kwenye viti vya makanisa Jumapili moja, na miji ya viwanda ikaonekana kuwa na mahudhurio hafifu kuliko vijiji, katika zama ambazo karibu kila mtu angejiita Mkristo. Jina na kiti ni vitu viwili. Kelele za usiku ni kitu cha tatu, na hakuna sensa iliyowahi kuziuliza.

Nilichanganya pia kata na mtaa. Kata yetu ilikuwa ya Waislamu wengi; nyumba zilizotazamana na mlango wa kanisa hazikuwa hivyo. Ningetembea mita mia moja ningejua.

Kisha kuna watu ambao makundi ya takwimu huwameza. Mzee wa msikitini, kwenye majedwali niliyoyatumia, ni "Mhindi" na "Mwislamu". Sensa humuuliza mtu nchi aliyozaliwa, na jedwali la waliozaliwa Kenya lipo wazi kwa kila mtu, lakini sikulifungua, kwa kuwa nilikuwa natafuta dini. Kwa hiyo mtu pekee katika kata aliyeweza kuzungumza na mchungaji wangu bila mimi hakuonekana kwenye wasifu wangu. Wakongo wenyewe walikuwa "Waafrika weusi" pamoja na Wanigeria na Wasomali.

Maneno ya maisha sambamba yalichangia. Yalitupa hadithi iliyokuwa tayari, kwamba mvutano katika miji hii ni wa dini na dini, nasi tukajiingiza humo bila kuangalia. Mvutano wetu ulikuwa wa zamu na zamu. Muuguzi wa saa moja asubuhi na mlezi wa wazee anayesali usiku wanafanana kuliko mmoja wao anavyofanana na mchungaji wake, na wote wawili ni warithi wa mji uliozoea zamu ya usiku kabla hawajazaliwa.

Uamuzi wa kuandika barua msikitini ulikuwa na makosa ndani yake na bado ndio uliozaa matunda. Sitaki kuupamba. Tulibahatika. Barua ileile, kwa mzee mwingine siku nyingine, ingeweza kuwa mwanzo wa ugomvi ambao haukuwapo. Kuwaficha Wamethodisti ndilo kosa lililogharimu zaidi, kwa maana liligeuza suala la sauti kuwa suala la uaminifu. Hata hivyo siwezi kuwalaumu watu kwa kuogopa kufukuzwa wakati maisha yamewafundisha hivyo. Anayepaswa kulaumiwa ni mimi niliyejua mfumo na sikuwaeleza kwamba barua ya pili ingekwenda kwa wenye jengo.

Kuhusu waliohama, bado sijaamua. Wanasema maombi yenye ratiba ya jirani si maombi. Nikisikia kwaya ilivyopungua siwezi kusema hawakuwa na hoja.

Mwaka huu niliombwa tena kuandika wasifu, wa ukumbi mpya. Asilimia nimeziweka, kwa sababu ofisi inazitaka. Nimeongeza nani ana funguo za majengo yote yanayotumika kwa ibada katika mitaa sita, shughuli zinaanza na kwisha saa ngapi, magari yanasimama wapi, na madirisha ya vyumba vya kulala yanatazama wapi. Fomu haina nafasi ya mambo hayo. Niliyaandika nyuma ya karatasi.